Chumba cha Kugawana: Malazi ya Wanafunzi wa Sheria kutoka Ngulyati hadi Mlimani na Malimbe

Masomo ya sheria, kwa kijana wa Ngulyati, yamekuwa siku zote masomo ya kuhama. Ngulyati ni kata ya wakulima na wafugaji katika Wilaya ya Bariadi, na Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012, unajulikana zaidi kwa pamba kuliko kwa vyuo. Anayetaka shahada ya sheria hana budi kwenda Mwanza, Dodoma, Morogoro, Iringa au Dar es Salaam, na akishafika huko, swali la kwanza linalomkabili ni wapi atalala, na nani, na kwa fedha ya nani. Majibu ya swali hilo yamebadilika sana tangu uhuru. Kwa kizazi cha kwanza kitanda kilikuwa sehemu ya udahili. Kwa kizazi cha sasa kitanda kinatafutwa mtaani, na mara nyingi kinalipiwa na watu wawili au watatu waliokutana wiki moja kabla.

Kabla ya mwaka 1961 swali lenyewe halikuwapo nchini, kwa sababu hakukuwa na mahali pa kusomea sheria. Serikali ya kikoloni iliandaa makarani na watumishi wa mahakama za wenyeji, lakini mawakili walitoka Uingereza na India, na Mwafrika aliyetaka shahada ya sheria alilazimika kuvuka bahari. Mfano ulio karibu zaidi na Usukumani ni familia ya Bomani. Paul Bomani aliwaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa katika ushirika, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria uliokuja kuwa miongoni mwa mikubwa kabisa barani Afrika. Mdogo wake, Mark Bomani, alisomea sheria London, na mwaka 1965 akawa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa wa Mwanasheria Mkuu wa Tanzania. London ya miaka hiyo haikuwa rahisi kwa mpangaji mweusi. Ubaguzi wa wenye nyumba ulikuwa wa wazi, na sheria ya Uingereza iliyokataza ubaguzi katika kupangisha nyumba haikupatikana hadi mwaka 1968. Wanafunzi wa Kiafrika walikusanyika katika hosteli zilizotengwa kwa ajili yao au walielekezana kwa mwenye nyumba aliyejulikana kuwa hawafukuzi. Desturi hiyo ya kuelekezana, ya aliyetangulia kumshika mkono anayefuata, ndiyo iliyodumu kuliko mipango yote ya serikali iliyokuja baadaye.

Chuo cha sheria cha kwanza Tanganyika kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki chenye kitivo kimoja tu, kile cha sheria, kilianza na wanafunzi wasiofika 15 katika jengo la TANU kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Kilihudumia Afrika Mashariki nzima, na hadi karibu mwisho wa miaka ya 1960 vijana wa Kenya na Uganda waliotaka shahada ya sheria bila kwenda Ulaya walikuja hapo. Mahali penyewe panastahili kutazamwa. Mtaa wa Lumumba uko pembezoni mwa Kariakoo, na Kariakoo ndiyo shule ya kupanga vyumba katika Tanzania. Nyumba yake ya asili ni ile ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uwani nyuma penye jiko, choo na bafu la pamoja. Mwenye nyumba huishi chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, kila kimoja kwa mpangaji wake. J. A. K. Leslie, ofisa wa kikoloni aliyefanya uchunguzi wa maisha ya Dar es Salaam katika miaka ya 1950 na kuuchapisha kama kitabu mwaka 1963, alionyesha jinsi mji wa Waafrika ulivyotegemea vyumba hivyo vya kupangisha. Kila kitu kinachozungumzwa leo katika nyumba za wanafunzi, kuanzia zamu ya kufagia uwani hadi ugomvi wa maji, kilikwisha kuzoeleka Kariakoo kabla mwanafunzi wa kwanza wa sheria hajafungua daftari.

Hata hivyo, kwa miaka 30 iliyofuata wanafunzi wa sheria hawakuhitaji Kariakoo. Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, kilomita 13 hivi magharibi ya katikati ya jiji, mahali palipokuwa bado mashamba na vichaka. Pale yalijengwa mabweni kabla hata vitivo vingine havijakamilika, kwa kuwa hakukuwa na mji wa kuwapokea wanafunzi. Kijana wa Bariadi wa wakati huo alisafiri kwa lori hadi stesheni ya reli, kwa mfano Malampaka wilayani Maswa, kwenye njia iliyounganisha Mwanza na Tabora tangu mwaka 1928. Kutoka hapo treni ilimpeleka Tabora na kisha Dar es Salaam. Alipofika alikuta kitanda, godoro, meza ya kusomea na chakula cha mchana. Chumba cha watu wawili kilikuwa cha watu wawili kwelikweli. Serikali ililipa yote, na nauli pia. Kizazi hicho kilitoa majaji, mawakili na wanasiasa wengi wa nchi. Kutoka Bariadi yenyewe alitoka Andrew Chenge, mhitimu wa sheria wa Dar es Salaam, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 1993 hadi 2005 na baadaye mbunge.

Kitanda hicho cha bure kilikuwa na masharti yake. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga namna mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa ulivyowahusu. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, na zaidi ya wanafunzi 300 wakafukuzwa na kurudishwa kwao. Wengi walikubaliwa kurejea mwaka uliofuata. Mei 1990 chuo kizima kilifungwa kwa miezi kadhaa baada ya mgomo, na mabweni yakabaki matupu. Katika matukio hayo yote mwanafunzi alipoteza masomo na makazi kwa wakati mmoja, kwa sababu vyote viwili vilishikwa na mkono ule ule. Anayewasifu wazee kwa kusoma bila kulipa pango afanye hivyo kwa haki, lakini akumbuke pia kwamba hawakuwa na chumba ambacho wangeweza kukiita chao.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilibadilisha umri wa mwanafunzi. Aliyemaliza kidato cha sita hakwenda tena moja kwa moja chuoni. Alifanya kazi kwanza na kupendekezwa kutoka kazini. Darasa la sheria likajaa watu wazima: makarani wa mahakama, maofisa wa serikali, walimu, wengi wao wakiwa na mke au mume na watoto. Baadhi walikuwa tayari wamepanga mjini, na wenzao kutoka mikoani walifikia kwao mwishoni mwa juma. Utaratibu huo ulilegezwa hatua kwa hatua hadi ukaachwa, ila ulikwisha kuonyesha kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kuishi mtaani na bado akafaulu.

Wakati mabweni ya Mlimani yakiwalinda wanafunzi dhidi ya soko la nyumba, soko lenyewe lilikuwa likiundwa upya pembeni yao. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, chombo kilichounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Nyumba hizo za katikati ya mji zilikuwa na kodi nafuu, lakini kuzipata kulihitaji kazi, jina na subira, vitu ambavyo mwanafunzi hana. Kilichokuja kuwafaa wanafunzi ni mradi wa viwanja na huduma ulioanza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Viwanja vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikawekewa barabara na maji bila kubomolewa. Wenye viwanja walijenga kidogokidogo, chumba baada ya chumba, na wengi walikamilisha ujenzi kwa kodi ya vyumba vya mwanzo. Sinza ikakua hivyo, kilomita chache tu kutoka Mlimani, mtaa wa nyumba zilizojengwa tangu mwanzo kwa nia ya kupangisha. Upande wa pili wa chuo vilikuwepo vijiji vya Changanyikeni, Msewe na Makongo, ambavyo jiji liliwakuta wenyeji wake wakiwa na mashamba na kuwaacha wakiwa wenye nyumba.

Mwaka 1992 ndipo ukuta uliowatenga wanafunzi na mitaa hiyo ulipoanguka. Serikali ilitangaza uchangiaji wa gharama za elimu ya juu. Hatua ya kwanza iliwataka wanafunzi walipie nauli, usajili na michango midogo. Ya pili iligusa chakula na malazi. Ya tatu ilifika kwenye ada yenyewe. Katika muongo huo huo udahili ulianza kupanda, na hakuna mwaka ambao vitanda viliongezeka kwa kasi ya wanafunzi. Matokeo yake ya kwanza hayakuonekana mtaani, yalionekana ndani ya mabweni. Mwanafunzi aliyepewa chumba alimpokea asiyepewa, na desturi hiyo ikaitwa kubebana. Kitanda cha futi mbili na nusu kililaliwa na watu wawili, au godoro lilifichwa uvunguni mchana na kutandikwa sakafuni usiku. Chumba cha wawili kikawa cha wanne. Foleni ya bafu ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, na wasimamizi wa mabweni walipopita kukagua, waliobebwa walitoka na madaftari kana kwamba walikuja kujadili kesi.

Kubebana kulilaumiwa kwa uchafu, mabomba yaliyoziba na magonjwa ya kuambukiza, na lawama hizo zilikuwa na ukweli. Lakini bila desturi hiyo idadi kubwa ya watoto wa wakulima ingeshindwa kumaliza mwaka wa kwanza. Aliyebeba hakupata faida yoyote ya fedha. Alichopata ni deni la heshima, ambalo aliyebebwa alilipa mwaka uliofuata kwa kumbeba mwingine. Kwa vijana wa Kisukuma jambo hilo halikuwa geni. Vijiji vyao vilikuwa na vikundi vya vijana vya kulimiana chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, na kila mmoja alijua kwamba shamba lake litafikiwa kwa zamu.

Waliokosa wa kuwabeba walikwenda mitaani, na hapo ndipo historia ya chumba cha kugawana inapoanza hasa. Wa kwanza walifikia kwa ndugu. Mjomba wa Manzese au shangazi wa Tabata alitoa sebule, na mwanafunzi alilipa kwa kufundisha watoto, kuchota maji na kurudi mapema. Malazi hayo yalikuwa nafuu kwa mfuko na ghali kwa masomo. Mwanafunzi wa sheria husoma kurasa nyingi za hukumu usiku, na sebule ya familia ina televisheni, wageni na watoto. Baada ya muhula mmoja au miwili wengi walianza kutafuta geto, chumba cha vijana, pamoja na mwenzao wa darasani.

Utafutaji wenyewe una taratibu zilizokomaa. Dalali ndiye mlango. Anajua nyumba zenye nafasi, huchukua fedha kidogo ya kumzungusha mteja, na chumba kikipatikana hudai kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake. Mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mjumbe wa mtaa huandikisha mgeni na wakati mwingine hushuhudia mkataba. Chumba kimoja cha nyumba yenye choo cha pamoja ndicho cha bei ya chini. Chumba chenye choo chake ndani ni ghali zaidi, na chumba na sebule hufaa watu watatu au wanne. Wanafunzi hupendelea nyumba ambayo mwenyewe haishi humo, ingawa uzoefu unaonyesha kwamba nyumba yenye mama mwenye nyumba mkali ndiyo yenye bomba linalotoa maji na geti linalofungwa. Kwa wanafunzi wa kike jambo la geti huamua yote. Njia ya kutoka kituo cha daladala hadi mlangoni saa tatu usiku ni sehemu ya bei ya chumba, hata kama haitajwi kwenye mkataba. Wazazi walio mikoani mara nyingi wamekuwa tayari kulipa zaidi hosteli zinazosimamiwa na watawa kwa sababu hiyo hiyo.

Ndani ya chumba, mgawanyo wa gharama hufuata kanuni ambazo karibu zote zilibuniwa na wanafunzi wenyewe. Kodi hugawanywa sawa. Kitanda na godoro hubaki mali ya aliyevileta. Jiko, mtungi wa gesi na sufuria hununuliwa kwa kuchangishana, na ndivyo vinavyoleta mgogoro siku ya kuachana, kwa kuwa mtungi haugawanyiki. Chakula hupikwa kwa zamu, na anayetoka kijijini huleta gunia la mchele au mahindi, udaga na karanga, mchango unaohesabiwa kama fedha. Umeme ndio chanzo kikubwa cha ugomvi. Tangu mita za LUKU zilipoenea, kila uniti inaonekana ikishuka, na nyumba yenye mita moja kwa vyumba sita huishi katika hesabu za nani ana jokofu, nani anapika kwa umeme na nani anapiga pasi. Mwanafunzi wa sheria hana ujanja katika hili la pasi. Suti nyeusi na shati jeupe la mahakamani havivaliwi vikiwa na makunyanzi.

Mwaka 2005 yalitokea mambo mawili ambayo hayakupangwa pamoja lakini yaliwakuta wanafunzi kwa pamoja. La kwanza ni kuanza kazi kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. La pili ni kufutwa kwa Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Tanganyika ilikuwa na sheria za aina hiyo tangu wakati wa Vita Kuu ya Pili, zikiweka ukomo wa kodi na kumpa mpangaji kinga dhidi ya kuondolewa bila amri, na sheria ya 1984 ilikuwa na mabaraza yake ya nyumba. Utekelezaji wake ulikuwa dhaifu, hasa katika vyumba vya mtaani ambako risiti ilikuwa nadra, na waliotaka ifutwe walisema kwamba inakatisha tamaa wajenzi. Hoja yao ilikuwa na uzito. Hata hivyo sheria hiyo iliondoka wakati ule ule ambapo maelfu ya vijana, wakiwa na fedha za mkopo mkononi kwa mara ya kwanza, waliingia sokoni bila uzoefu wowote wa kupanga.

Kilichobaki kuongoza upangaji ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na sheria ya mikataba ya mwaka 1961, ambayo mizizi yake iko katika sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872. Sheria ya Ardhi inaruhusu upangaji wa muda mfupi, wa mwaka mmoja au pungufu, kufanywa hata kwa mdomo. Migogoro hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2002. Mwanafunzi wa sheria hufundishwa yote haya darasani, na anaporudi chumbani kwake hukuta kwamba jina lililo kwenye mkataba ni la mwenzake peke yake. Hapo ndipo udhaifu mkubwa wa chumba cha kugawana ulipo. Machoni pa mwenye nyumba mpangaji ni mmoja, na wengine ni wageni wake. Mmoja akiacha masomo katikati ya mwaka, anayebaki hubeba kodi yote. Mwenye jina akiondoka, anayebaki hana haki anayoweza kuionyesha kwa maandishi. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: majina yote yaandikwe kwenye mkataba, na kila malipo yawe na risiti inayotaja nani amelipa kiasi gani. Inasikitisha kwamba hata miongoni mwa wanasheria watarajiwa jambo hili limekuwa likifanywa na wachache.

Mkopo nao ulikuja na tatizo lake la kalenda. Fedha za chakula na malazi, ambazo wanafunzi huziita boom, hutolewa kwa awamu za takriban miezi miwili. Zilikuwa shilingi 8,500 kwa siku kwa miaka kadhaa, na zikapandishwa hadi shilingi 10,000 katika mwaka wa masomo 2022/23. Kwa siku 60 hiyo ni shilingi 600,000, zinazotakiwa kutosha kula, nauli na kulala. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita siku ya kukabidhi ufunguo, na awamu ya kwanza ya mkopo mara nyingi huchelewa kufika baada ya chuo kufunguliwa. Pengo kati ya kalenda hizi mbili ndilo linalowalazimisha wanafunzi kugawana chumba, pengine kuliko bei ya chumba yenyewe. Wawili wanaweza kukusanya miezi sita kwa haraka. Mmoja hawezi.

Familia ya Ngulyati huziba pengo hilo kwa pamba, au kwa ng'ombe pamba ikikataa. Msimu wa kuuza pamba hufunguliwa katikati ya mwaka, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba, kwa hiyo katika mwaka mzuri fedha ya kodi huwa tayari kabla ya safari. Katika mwaka mbaya mambo huharibika mnyororo mzima. Msimu wa 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, lakini wanunuzi walichelewa kulipa, na wakulima wa Kanda ya Ziwa walisubiri fedha zao kwa miezi. Kwa mzazi mwenye mtoto chuoni kuchelewa huko hakukuwa habari ya biashara ya pamba. Kulimaanisha kwamba mtoto wake anaanza muhula akiwa amebebwa, au amefikia kwa mtu.

Shahada yenyewe si mwisho wa safari. Zamani mhitimu aliyetaka kuwa wakili alipitia mafunzo ya kazini katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu na kufanya mtihani wa uwakili. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2008, na majengo yake yako kando ya Barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam. Kuanzia hapo mhitimu wa Mwanza, Iringa au Dodoma aliyetaka uwakili alilazimika kuishi Dar es Salaam. Sinza, Mlalakuwa na Ubungo zikapokea wapangaji wa aina mpya, watu wazima kidogo, wengine wakiwa watumishi waliotoka mikoani, wanaotaka chumba kwa miezi michache kwa sababu sehemu ya mafunzo hufanyika mahakamani na katika ofisi za mawakili, pengine mkoa mwingine. Mkataba wa mwaka mzima haumfai mtu huyo, na mwenye nyumba hapendi mkataba wa miezi mitatu. Kugawana chumba na anayeendelea kukaa ndiyo njia iliyowasaidia wengi.

Jiografia ya jiji iliwasaidia pia kwa muda. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilikuwa Ubungo, mwendo mfupi kutoka taasisi hiyo na kutoka Mlimani, na mgeni aliyeshuka kutoka Bariadi baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,000 aliweza kufika chumbani kwa rafiki bila kuvuka jiji. Mwaka 2021 kituo kipya kilifunguliwa Mbezi, nje zaidi kwenye Barabara ya Morogoro. Mitaa ya huko, Mbezi na Kimara, ambayo hapo awali ilionekana mbali na vyuo, ikaanza kutajwa na madalali kwa wanafunzi, hasa kwa kuwa mabasi yaendayo haraka yalikuwa yakifika Kimara tangu mwaka 2016.

Serikali ilirudi kwenye ujenzi wa vitanda mara moja kwa kishindo. Tarehe 15 Aprili 2017 Rais John Magufuli alizindua Mlimani mabweni 20 yenye uwezo wa kulaza wanafunzi 3,840, yaliyojengwa na Wakala wa Majengo Tanzania kwa shilingi bilioni 10. Kodi yake ilipangwa shilingi 500 kwa siku, yaani 15,000 kwa siku 30, bei ambayo hakuna chumba cha mtaani karibu na chuo kingeweza kuikaribia. Kwa waliopata, mabweni hayo yalirudisha kitu ambacho wazazi wao walisimuliwa tu. Ila chuo kilikuwa na wanafunzi wengi mara kadhaa ya vitanda hivyo, na wa mwaka wa kwanza wakipewa kipaumbele, wa mwaka wa tatu na wa nne hurudi Changanyikeni na Msewe.

Kwa vijana wengi wa Bariadi, hata hivyo, mji wa sheria ulio karibu ni Mwanza. Nyegezi kulikuwa na chuo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1960, na mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Shahada ya sheria iliongezwa katika muongo uliofuata. Barabara ya lami ya Bariadi hadi Lamadi, yenye kilomita 72 hivi, ilipokamilika katika miaka ya 2010, safari ya kwenda Mwanza ikawa ya saa chache: basi hadi Buzuruga, na katika miaka ya karibuni Nyamhongolo, kisha daladala ya kuvuka jiji kwenda Nyegezi.

Malimbe, mahali chuo kilipo, palikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima kando ya ziwa, chenye vilima vya mawe. Chuo kilipopanuka, wenyeji, wafanyakazi wa chuo na wafanyabiashara wa mjini walijenga hosteli juu ya mawe hayo hayo: safu za vyumba vinavyotazamana, kila kimoja kikiwa na vitanda viwili vya juu na chini, kodi ikilipwa kwa muhula au mwaka. Hapo mwanafunzi halipii chumba, hulipia kitanda, na mwenye hosteli huandika mkataba na kila mmoja peke yake. Mpango huo unaondoa lile tatizo la jina moja kwenye karatasi, ingawa unamnyima mwanafunzi nafasi ya kuchagua wa kulala naye chumba kimoja. Mfumo kama huo ulikuwa umekwisha kushamiri Kikoni, Kampala, karibu na Makerere, tangu miaka ya 1990. Wanaotaka kupunguza gharama zaidi huingia ndani, Nyamalango na Sweya, katika nyumba za kawaida za familia, ambako chumba hupatikana kwa kodi ndogo na maji huchotwa ziwani bomba likikauka.

Simu imebadilisha namna ya kutafuta. Matangazo yaliyobandikwa kwenye mbao za chuo yamehamia kwenye makundi ya WhatsApp ya madarasa na ya vijana wa mkoa mmoja, na pamoja nayo wamekuja matapeli wanaodai kianzio kwa picha za chumba ambacho si chao. Kinga iliyobaki ni ile ya zamani: anayemaliza mwaka wa mwisho humkabidhi chumba mdogo wake wa kijiji au wa shule, pamoja na godoro, jiko na namba ya mama mwenye nyumba. Makabidhiano hufanyika Julai, kodi ikiwa bado na miezi kadhaa, na anayeingia humrudishia anayetoka fedha ya miezi hiyo. Dalali hapati kitu. Mwenye nyumba hukubali kwa kawaida, kwa sababu chumba hakikai wazi hata siku moja, na huo ndio wakati anaopandisha kodi.